Kitabu Tulichongoja Kanja

Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na siku ya kwanza niliyoingia jikoni kwake kule Kanja nikiwa mke wa mwanawe, alinisahihisha kabla sijaketi. Nilikuwa nimemwambia, "Mama, nimekuja na hii kitabu nisome nikipumzika." Aligeuka kutoka mekoni, mwiko mkononi, akasema, "Kitabu hiki." Kisha akacheka, akanivutia kigoda.

Mimi nilizaliwa Laare, katikati ya mashamba ya miraa, na Kimeru ndicho nilichonyonya. Yeye ni Muembu. Lugha zetu ni za ukoo mmoja, lakini kila nilipojaribu Kiembu chake mashemeji walishika mbavu, kwa hiyo sisi wawili tulizoea kuzungumza Kiswahili, chake kimenyooka, changu cha ofisini, kimechanganyika na kila kitu. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali Siakago, kule chini kwenye joto. Mwishoni mwa juma nilipanda Kanja kwa sababu mume wangu aliniomba nisimwache mama yake peke yake. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme. Kabla ndoa yetu haijatimiza miaka miwili alipata kazi Arabuni, akaenda. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Kitabu nilichoingia nacho siku ile kilikuwa riwaya ya mapenzi, ile aina yenye falme na uganga ndani yake. Nilikuwa nimekinunua Embu mjini bila kujua mwandishi ni nani. Mama alikigeuzageuza, akaangalia picha ya jalada, msichana amesimama mbele ya tanuri la wahunzi.

"Ni mambo ya mapenzi haya?"

"Ni mapenzi, Mama. Lakini kuna na maajabu kidogo."

"Hm," alisema, akakiweka juu ya kabati pamoja na kitabu cha nyimbo za kanisa, kama mtu anayekiweka mahali kitakapotubu.

Juma lililofuata niliporudi nilimkuta ameshafika katikati. Hakuniomba radhi wala nini. Alinikaribisha chai, akanimiminia, akaniuliza, "Wewe umefika wapi? Yule kijana ameshampa sauti yake au bado?"

Ilikuwa hadithi ya binti mhunzi na mwanaume wa ukungu. Kila alfajiri mwanaume huyo alishuka kutoka mlimani pamoja na ukungu, akakaa na binti pale kiwandani akimtazama anavyofua chuma, na jua lilipopanda alilazimika kuondoka. Binti alimfulia kengele ya kumwita. Kisha mfalme wa nchi ile akaamuru msitu ukatwe na kinamasi kikaushwe, na ukungu ukaanza kupungua siku baada ya siku. Asubuhi ya mwisho mwanaume aliitoa sauti yake kooni, akamkabidhi binti ndani ya kibuyu, akamwambia ataifuata. Kitabu kiliishia hapo, binti amesimama langoni na kengele mkononi, na chini kabisa ya ukurasa wameandika kwamba hadithi itaendelea.

Labda ukiisikia hivi utaona ni ya kitoto. Lakini mwandishi yule alijua kuandika. Alijua mkono wa mtu anayefua chuma unavyotetemeka akishika kikombe jioni. Alijua namna mtu anavyojifanya hasubiri. Na sisi kule Kanja tulikuwa na ukungu wetu, unaotanda juu ya majani chai asubuhi hadi huoni kibanda cha kununulia majani, kwa hiyo hatukuhitaji kuhimizwa. Kukiwa na ukungu mzito Mama alinigongea dirisha. "Amka, mtu wako amefika." Nami nilimjibu kutoka kitandani, "Mwambie angoje nivae."

Mama alikisoma kitabu kile mara mbili. Alikuwa mjane tangu ujanani, hakuolewa tena, na sikuwahi kumsikia akizungumza juu ya mapenzi isipokuwa mapenzi ya Mungu. Lakini kuhusu yule binti mhunzi aliweza kusema kutwa nzima. Tuliyasema wakati wa kukata majani ya ng'ombe, tukayasema tukitoa maharagwe kwenye maganda. Alimkosoa mwandishi mahali alipotumia "ambayo" visivyo, halafu akamsifu palepale. "Ana makosa, lakini ana moyo," alisema. Tulianza kumwita "mwandishi wetu".

Na Jumapili, tukitoka kanisani, mume wangu alipiga simu. Mama aliiweka simu mezani, akafungua sauti ili sote tusikie, naye akatueleza kuhusu joto la huko, na chakula, na majengo marefu aliyokuwa akiyaingizia umeme. Mwishoni Mama alitoka nje makusudi ili tubaki wawili. Mume wangu alikuwa na sauti nzuri kwenye simu, nzuri kuliko ilivyokuwa ana kwa ana. Alisema mkataba ukiisha atarudi. Kisha alisema ameongeza mkataba. Kisha simu zikaanza kuruka Jumapili moja, mbili, na tukasema mtandao wa kule ni mbovu.

Macho ya Mama yaliingiwa na mtoto wa jicho taratibu. Kwanza aliacha kusoma gazeti, baadaye akaacha kusoma neno kanisani, akisema wapewe vijana. Siku moja nilimwona ameshika kile kitabu karibu na dirisha, amekisogeza hadi pua yake inagusa karatasi. Nilikichukua mkononi mwake bila kusema kitu, nikaanza kumsomea kutoka pale alipokuwa. Ndivyo tulivyokisoma mara ya tatu.

Habari kwamba kitabu cha pili kinakuja niliziona kwenye simu, mchana, ofisini. Nilimpigia Mama hapo hapo. Aliitikia kwa wasiwasi, maana sikuwa na kawaida ya kupiga saa za kazi.

"Kuna nini, mwari?" Mwari kwa Kiembu ni binti, na ndivyo alivyoniita tangu mwanzo.

"Mama, anarudi!"

Kulikuwa na kimya kirefu, na katika kimya kile nilielewa alichokuwa amesikia.

"Nani anarudi?" aliuliza polepole.

"Mtu wa ukungu, Mama. Kitabu cha pili kimeshachapishwa."

"Ah," alisema. "Ah. Basi ni vizuri." Kisha akacheka, lakini kicheko kilikuja kimechelewa.

Nilikinunua siku kilipofika Embu. Jumamosi nilipofika Kanja, Mama alikuwa ameoga, amefunga kitambaa chake cha kanisani, amechemsha nduma na kujaza chai kwenye chupa. Aliwaambia majirani ana kazi na asisumbuliwe. Tuliketi kwenye baraza nyuma ya nyumba, mahali pasipo na upepo, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Sijui nianzie wapi kueleza. Mwanzoni nilidhani ni mimi, kwamba nimechoka na safari na ninasoma vibaya. Binti mhunzi alikuwa katika jumba la mfalme, amevaa hariri, anacheka. Namna alivyofika huko haikuelezwa. Alikuwa akitaniana na mwana wa mfalme, mwana wa mfalme yuleyule aliyekata msitu, na utani wao ulikuwa wa kurushiana maneno kama vijana kwenye stendi. Nilisoma huku nikisubiri mambo yabadilike. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho kama mtu anayeomba. Tulipofika mahali mama yake binti anapoleta uji, aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nilirudia.

"Huyu tulimzika," Mama alisema.

Nilisimamisha kidole kwenye mstari. Ni kweli tulikuwa tumemzika. Katika kitabu cha kwanza mama wa binti alikufa kwa homa, na binti akamfulia msalaba wa chuma, na Mama alilia aliposikia sura ile hata tukaahirisha kusoma. Sasa alikuwa hapa, mzima, ameshika bakuli la uji.

"Labda ni mama wa kambo," nilisema.

"Wamesema mama wa kambo?"

"Hapana."

"Endelea," alisema.

Niliendelea. Kovu la binti lilikuwa limehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kibuyu kilichobeba sauti ya mwanaume wa ukungu kilitajwa mara moja tu, binti akikitumia kuchotea maji. Nilipokisoma kile kisa cha maji niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyekiandika, kana kwamba nimemletea mtu mzima chakula kilichochacha naye anakila kwa heshima. Jioni ile tulifunga kitabu mapema. Mama alisema labda mwandishi anatuchezea kwanza ili atufurahishe baadaye. "Wengine hufanya hivyo," alisema, lakini alisema kama anavyosema mwalimu juu ya mwanafunzi ambaye ameshamkatia tamaa.

Juma zima kule Siakago sikukifungua. Tulikuwa tumekubaliana tusome pamoja, tuingie pamoja, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kukiogopa.

Jumamosi iliyofuata tuliketi tena pale pale. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati kiasi kwamba ilinibidi nipaze sauti. Na katikati ya sura fulani, bila onyo lolote, mwanaume wa ukungu alirudi. Alirudi akiwa mwovu. Alikuwa ameungana na maadui wa mfalme, amekuja kuchoma mji, ana kucha. Alimtukana binti kwa maneno ambayo nilishindwa kuyasoma kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, nikayaruka. Mwana wa mfalme akamchoma mkuki. Ilichukua nusu ukurasa. Binti alipangusa damu kwenye vazi lake la hariri na kusema kwamba sasa wanaweza kwenda kula, na sura ikaishia kwa kicheko.

Niliinua macho. Mama alikuwa ameyafumbua yake, yale macho yenye utando wa maziwa, anatazama upande wa shamba ambako hakuona kitu.

"Amekufa?" aliuliza.

"Amekufa, Mama."

"Hakusema kitu? Kabla?"

"Sauti haikuwa yake, Mama. Alimpa yule binti." Nilijisikia nikimtetea mtu aliyekufa kitabuni.

"Na kengele je? Aliipiga?"

"Bado haijatajwa."

"Angalia mbele. Itafute."

Tulikuwa tumekubaliana tusiruke, lakini nilipekua. Nilipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, nikitafuta neno lile moja, mvua ikinyesha na Mama akisubiri amenyoosha shingo. Niliona harusi. Niliona farasi, na vita vingine, na mtoto wa kiume. Kengele sikuiona.

"Haipo," nilisema.

Aliinuka. Alipapasa ukuta hadi mlangoni, akaingia jikoni, nikasikia anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Kisha akarudi, akaketi karibu nami zaidi kuliko mwanzo.

"Amewachoka," alisema. "Mwandishi wetu amewachoka watu wake. Si kwamba hajui kuandika. Alikuwa anajua. Amechoka nao tu, akawamaliza haraka aende kwa wengine."

"Labda ni kweli, Mama."

"Na yule wetu," alisema, na akanishika mkono, "yule wetu pia ametuchoka, mwari."

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa. Nilidhani bado tuko kitabuni.

Akaniambia. Mwanawe alikuwa na mwanamke huko Arabuni, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli, na walikuwa na mtoto. Alimwambia mama yake kwenye simu, siku ambayo mimi sikuwa, akamwomba aniandae. Ndilo neno alilotumia, aniandae. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa miezi kadhaa Mama alikuwa hafungui tena sauti ya simu mezani. Alikuwa anatoka nayo hadi kwenye banda la ng'ombe, akisema huko ndiko mtandao unakoshika.

"Umejua tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nikuambie. Kila Jumamosi ulipofika nilisema leo. Halafu ukanipigia simu kwamba hiki kitabu kimetoka." Alikigusa kitabu kwa vidole. "Nikasema, acha kwanza tukisome. Acha kwanza asome yule mwingine anavyorudi. Angalau uone mmoja akirudi, ndipo nikuambie huyu hatarudi. Nilifikiri itakusaidia. Sasa ona huyu mjinga alivyoandika."

Nilitazama kitabu magotini mwangu. Nakumbuka nilichukia kile kitabu kwa nguvu ambazo sijawahi kumchukia nazo binadamu. Nilimchukia mwandishi, mtu nisiyemjua, kuliko nilivyomchukia mume wangu saa ile, kwa sababu hasira juu ya mume wangu ilikuwa kubwa mno, haikuingia mlangoni. Nilisema, "Alimfanya mbaya ndiyo aweze kumuua." Nililirudia neno hilo mara nyingi. Mama alinivuta kichwa akakilaza kwenye paja lake lililonukia moshi, na hapo ndipo nilipolia. Naye alilia. Alikuwa analia kwa ajili ya mtoto wake, nadhani, mtoto aliyemlea peke yake akamfikisha hapo, na mimi nilikuwa nalia kwa ajili yangu, na mvua haikutuachia nafasi ya kusikiana.

Nilirudi Siakago kesho yake. Mama yangu mzazi alinipigia kutoka Laare, akaniambia nirudi nyumbani, chumba changu kipo. Baba nilimsikia tu nyuma akifunga miraa kwenye majani ya ndizi, majani yale yakichanika. Nilimwambia mama nina kazi, siwezi kuacha kazi. Sikupanda Kanja tena. Si kwamba Mama alinikataza. Alinipigia kila wiki, lakini sikujua ningeingia jikoni mle nikiwa nani.

Mwezi wa Desemba mume wangu alirudi. Alirudi na yule mwanamke na mtoto, na kukawa na sherehe, niliambiwa, mbuzi wakachinjwa. Aliniandikia ujumbe kwenye simu akisema anaomba tusiwe na uadui. Nilimjibu kwamba hakuna uadui.

Baada ya Mwaka Mpya, asubuhi moja ya Jumamosi, mtu aligonga mlango wa chumba changu Siakago. Alikuwa Mama. Aliletwa na mwendesha bodaboda aliyemshika mkono hadi mlangoni, amebeba mfuko wa parachichi na nduma, jasho linamtiririka kutoka kwenye kitambaa. Hakuwa amewahi kushuka huku kwetu. "Mnaishije kwenye tanuri hili?" alisema kabla ya salamu. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akaomba mengine, kisha akauliza, "Kile kitabu kiko wapi?"

"Kipo, Mama. Lakini ni cha nini sasa?"

"Tulikiacha katikati. Sijawahi kuacha kitabu katikati, hata kibaya."

Basi tukakimaliza. Tulikisoma siku ile hadi jua likalegea, tukakimalizia Jumapili baada ya kutoka kanisani. Kilikuwa kibaya hadi mstari wa mwisho. Nilikuwa na tumaini dogo, sijui kwa nini, kwamba mwandishi angekumbuka kitu hata kimoja, lakini hakukumbuka. Mama hakukosoa sarufi. Alisikiliza tu, mikono yake imelala mapajani. Nilipofunga jalada alisema, "Sawa," kama mtu aliyetia sahihi.

Kuhusu mwanawe hatukusema kitu, isipokuwa jambo moja. Nilipokuwa namfungia mfuko wake aliniambia, "Mtoto anafanana na yeye. Nimemshika usoni. Ni pua ileile. Nisamehe, mwari, ninampenda."

"Mpende, Mama," nilisema. "Mtoto hana kosa."

Mwaka uliofuata Mama alifanyiwa upasuaji wa macho. Nilisikia kutoka kwa watu. Simu zake zilikuwa zimepungua, na simlaumu. Nyumba yake sasa ilikuwa na mkaza mwana anayeishi mle, anayempikia, na si vyema mwanamke huyo asikie mama mkwe wake akizungumza na mimi kila mara. Nilikuwa ninaelewa. Kuelewa hakukunisaidia sana.

Mara ya mwisho nilimwona sokoni Embu. Alikuwa amesimama kwenye vitambaa, na mtoto wa kike mdogo amemshika sketi, na mwanamke mmoja wa kanisa lao. Aliniona yeye kwanza. Alinitambua kutoka mbali, kwa macho yake mapya, akaniita kwa sauti kubwa hata watu wakageuka. Alinikumbatia. Mwanamke wa kanisa alinitazama akingoja kuelezwa mimi ni nani.

"Huyu ni," Mama alisema, akanyamaza. Alijaribu tena. "Huyu tulikuwa tukisoma naye."

Mwanamke alidhani tulikuwa walimu pamoja. Aliniuliza nilifundisha shule gani, nami nikamwambia sikuwa mwalimu, na mazungumzo yakafia hapo. Mtoto alinitazama, ana pua ileile. Niliinama nikamsalimia, akanipa mkono wake mdogo wenye unyevu wa chungwa.

Mama alinisogeza kando kidogo. Aliniuliza kama nimesikia kwamba kuna kitabu cha tatu.

"Nimesikia."

"Utakinunua?"

"Sitaki, Mama. Wewe je?"

"Nimekisoma," alisema, na akaona haya, mwanamke mzima yule, akatazama mikono yake. "Nilikinunua macho yalipofunguka. Nilisema labda."

Sikumuuliza kilikuwaje. Niliuona uso wake, na ilitosha. Mtoto alianza kumvuta sketi akitaka kwenda, mwanamke wa kanisa akaangalia saa, na Mama akanishika shavu kwa kiganja chake kikavu, akakiacha hapo kidogo. Kisha walipita upande wa wauza viatu. Nilibaki pale kwenye vitambaa hadi muuzaji akaniuliza ninataka cha rangi gani.